Mfuniko wa Ndoo

Duka langu, Mtaa wa Kongo, ni mikono miwili kwa upana,
majora yamepanda hadi darini.
Nyuma ya mlango nimetundika mfuniko wa ndoo ya rangi,
msumari mmoja, katikati kabisa,
nikaupaka pande kumi na mbili, kama chungwa lililokatwa.
Elimu yenyewe niliipata Keko, nikichovya batiki:
miaka minane vidole vyangu havikuwa maji ya kunde,
vilikuwa nili.

Jumanne wakaja kamati nzima ya harusi.
Mama Tumpe, mtu wa Tukuyu, mkazi wa Tabata, anataka zambarau.
Bi Sikudhani wa Mbagala, mama wa bwana harusi, manjano.
"Manjano ya bizari," anasema, "si ya kiini cha yai la kisasa."
"Tuonekane kituo cha mafuta?"
Na shemeji mmoja, kaegemea mlango:
chochote, ila kijani.

Nikasema, sogeeni.
Hizi tatu hazina wazazi: nyekundu, manjano, buluu.
Zimekaa kama mafiga. Toa moja, chungu chini.
Zilizobaki zimezaliwa, na kila moja hujulikana kwa sura.
Hizi zinazopakana ni majirani, huazimana chumvi;
zivae pamoja usiogope,
ila zikizidi, wageni watasinzia kabla ya pilau.
Na hizi zinazotazamana, ng'ambo kwa ng'ambo,
kila moja humpandisha mwenzake sauti.
Nyekundu, kijani:
Msimbazi, Jangwani.
Shemeji akacheka bila kutaka.

Haya, zambarau iko huku. Manjano je?
Bi Sikudhani akafuata kwa kidole, polepole,
akafika upande wa pili, akanyamaza.
Hamgombani, mama zangu. Mnatazamana tu.
Dawa ni kipimo: moja ipewe nyumba, nyingine dirisha.
Gauni zambarau, ukosi wa bizari;
upande wa pili, geuza.
Mkigawana nusu kwa nusu ndipo macho hupigwa ngumi.

"Na nyeupe?"

Ni Tumpe mwenyewe, bibi harusi,
amekaa juu ya jora la kitambaa cha suti, anakula karanga,
hajafungua mdomo tangu waingie.
"Nyeupe iko wapi humu?"

Miaka kumi na moja natundika mfuniko huu.
Nikatafuta uongo wa biashara, sikuupata.
Nyeupe haimo. Wala nyeusi.

Akainuka, akapangusa maganda,
akaushika ukingoni, akauzungusha
kwa nguvu, kama mtu afunguaye bomba lenye kutu.
Nyekundu ikaikimbilia chungwa, kijani kikameza buluu,
zambarau ya mama yake ikapotea, bizari ya mkwewe ikapotea,
pakabaki mwezi hafifu nyuma ya mlango,
si mweupe, la,
rangi ya uji wa mchele uliopoa.

"Hiyo," akasema. "Kabla haijasimama."

Mfuniko ukakwaruza msumari, ukachoka,
kila rangi ikarudi kwake.
"Bibi harusi avae uji?" akaguna Bi Sikudhani,
na Mama Tumpe, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akamuunga mkono.

Lakini mimi nilishapanda ngazi.
Juu kule lipo jora moja, vumbi la mwaka juzi,
lililetwa kwa makosa, halikupata mteja
kwa sababu sikujua kuliita.
Nilipolikunjua kati ya zambarau na manjano
zote mbili zikashusha sauti.

Hapakuwa na neno. Nje, muuza soksi: jero, jero, jero.
Kisha Bi Sikudhani akakohoa:
"Doti thelathini na sita. Bei ya jumla. Sema."

Nikasema.

Mama wakatazamana, ng'ambo kwa ng'ambo,
wakanigeukia kwa pamoja,
majirani kabisa.